Shangazi, watoto saba wa kaktasi yangu nyekundu wote wameoza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi ghorofa ya kwanza, Tabata Segerea. Naomba unisaidie kabla sijaadhirika mbele ya ukoo.

Mwezi wa kwanza nilinunua kaktasi kwa kijana mmoja anayeuza maua kando ya barabara. Nzuri ajabu. Chini ina shina la kijani lenye pembe tatu, nene kama kidole gumba, na juu yake kichwa chekundu cha duara, utadhani mtu kavaa kofia. Nikaiweka barazani. Haikupita muda kichwa kikaanza kutoa vitoto vyekundu pembeni. Nilivihesabu, saba.

Sasa mdogo wetu wa mwisho anafanyiwa sendofu mwishoni mwa mwezi wa tisa. Kwenye kikao cha kwanza cha kamati, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikasema mapambo ya meza niachieni mimi: nitaotesha kaktasi nyekundu 30, kila meza moja, na mgeni mmoja aondoke nayo. Wakapiga makofi. Mweka hazina hapo hapo akafuta fungu la mapambo ya meza kwenye bajeti.

Nilirudi kwa yule kijana kuuliza namna ya kuotesha. Akaniambia, "Vunja tu chomeka dada, inashika kama muhogo." Nikavunja vyote saba, nikavipanda siku hiyo hiyo kwenye vikopo vya mtindi, udongo mweusi mzuri na samadi. Nikamwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Siku ya kumi cha kwanza kikawa kama nyanya iliyokaa sana kwenye tenga. Wiki ya tatu sikuwa na hata kimoja.

Kisha masika hii nayo ikaja na yake. Mama yao alikuwa barazani mvua ikimpiga, na juzi nimeona shina la kijani chini kabisa limekuwa la kahawia, ukiligusa linabonyea. Kile kichwa chekundu bado kigumu.

Kinachoniumiza zaidi ni jirani yangu wa chini. Ana kaktasi ndefu kwenye ukuta, akitaka nyingine anakata tawi, analisokomeza kwenye mchanga mtupu, linashika. Hana hata habari nalo. Ananiambia mkono wangu hauoteshi.

Ninazo kaktasi nyingine mbili ambazo nimeogopa kuzigusa. Moja ya duara, ya kijani, imezungukwa na watoto tisa. Nyingine imejaa vijinara vidogo vidogo kama ngome, nimehesabu 22. Maji tunayotumia ni ya kisima, yana chumvi kidogo, ya kunywa tunanunua. Niwaambie kamati ukweli, au bado kuna muda?

Mwenye aibu, Tabata

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kamati utawaambia, lakini si leo. Leo una mgonjwa wa kufanyia upasuaji.

Kwanza nikuondolee hilo la mkono. Vile vitoto vyekundu visingeshika hata kama angevipanda bwana shamba mwenyewe. Uliyonunua si mmea mmoja. Ni mimea miwili iliyobebeshwa, kama unavyoona miche ya miembe ya kubebesha pale kwenye vitalu. Kichwa chekundu ni kaktasi inayoitwa Gymnocalycium mihanovichii, kwao ni Paraguai na Ajentina, na huko porini ina rangi ya kijani kibichi kilichochanganyika na kahawia. Mwaka 1941 huko Japani, mtu wa vitalu aitwaye Watanabe alikuta miche miwili myekundu kati ya miche kama 10,000 aliyootesha kwa mbegu. Wekundu ule ni upungufu. Mmea ule hauna ukijani, na mmea usio na ukijani hauwezi kujipikia chakula kutokana na jua. Ukiuacha peke yake unamaliza akiba uliyokuwa nayo tangu kwenye mbegu, unakufa. Yule bwana akaubebesha juu ya kaktasi ya kijani ili upikiwe. Zote nyekundu, za njano na za waridi unazoziona barabarani zinaishi hivyo hivyo, kwa kulishwa.

Kwa hiyo ulipowavunja wale watoto uliwatoa kwa anayewalisha ukawaweka kwenye udongo wasioweza kuutumia. Samadi na maji ya kila asubuhi viliwaharakisha tu.

Sasa yule anayebeba. Hilo shina la pembe tatu mara nyingi ni mmea wa tunda la dragoni, lile tunda la waridi lenye magamba linalouzwa ghali. Hii ni habari njema kwako, maana mmea huo unapenda joto kama la kwetu na ukikatwa unatoa mizizi bila matata. Unaogopa baridi kali na unaogopa kukaa majini. Baridi kali Dar hatuna.

Fanya hivi jioni hii. Ng'oa mmea wote kwenye kopo. Usiushike kwa mkono mtupu wala kwa kitambaa; kunja gazeti mara nne upate ukanda mrefu, uzungushie kichwa, ushikilie ncha mbili kama unavyomshika mtoto mkaidi mkanda wa suruali. Nunua wembe mpya, uufute kwa spiriti. Kata shina sentimita moja juu ya pale panapobonyea, kisha tazama ulichokata.

Utaona nyama ya kijani hafifu, na katikati duara dogo, kama alama ya kikombe juu ya meza. Hilo ndilo bomba lake la maji. Likiwa safi, jeupe au la kijani, umewahi. Likiwa na doa la kahawia au la wekundu wa kutu, hata kama nyama inayolizunguka ni nzima kabisa, uozo umeshapanda kupitia humo. Futa wembe tena kwa spiriti, kata kipande kingine juu. Futa, kata. Hapo ndipo watu wengi wanaponikosesha raha: wanaona nyama safi wanaacha, au wanatumia wembe ule ule bila kuufuta na kuhamishia uozo kwenye kidonda kipya. Endelea mpaka duara liwe safi.

Ukifika kwenye usafi na bado umebakiwa na shina la urefu wa vidole vitatu au vinne chini ya kichwa, huna haja ya ufundi mwingine. Paka unga wa salfa kwenye kidonda. Ni ile ile salfa ya mikorosho. Kama una ndugu Mtwara au Lindi mwombe kijiko kimoja, utaitumia miaka. Huna, basi acha kidonda kikauke chenyewe. Laza mmea juu ya gazeti, juu ya kabati, ndani, pasipo na jua, feni ikipita kwa mbali. Siku kumi. Unyevu wa Dar unachelewesha mambo, hivyo usihesabu siku tu, gusa: kidonda kinatakiwa kiwe kigumu na kikavu kama kigaga cha goti la mtoto. Ndipo unapanda.

Ikiwa duara limeharibika mpaka juu, itakubidi ubebeshe upya. Tafuta kwa mtu yeyote mwenye mdragoni ukutani kipande cha shina cha sentimita 10 hivi, kichanga lakini kilichokomaa, si kile cha nchani kilicholegea. Hakina mizizi bado? Haidhuru. Korea Kusini, wanakozalisha kaktasi hizi kwa ajili ya kuuza nje, hubebesha kwenye shina lisilo na mizizi, mizizi inafuata baadaye. Kata juu ya shina kwa mkato mmoja, bapa. Chonga kidogo zile pembe tatu kwa mshazari, kwa sababu ngozi itabaki pale pale na nyama itanywea, usipochonga litakuwa kama sahani na kichwa kitasukumwa juu. Kata chini ya kichwa chekundu, bapa vile vile. Tazama madoara mawili. Yanapaswa kugusana. Kama moja ni dogo na jingine kubwa, sogeza kichwa pembeni mpaka yagusane mahali fulani. Kichwa kikionekana kimekaa upande, kiache. Bonyeza taratibu utoe hewa, halafu funga kwa mipira ya kufungia noti, miwili, ikipishana msalaba kupita chini ya shina. Kivulini, pakavu, bila tone la maji juu ya kiungo. Wiki mbili, fungua.

Mara yangu ya kwanza nilisahau kuangalia madoara. Kichwa kilikaa juu mwezi mzima, kizuri, mpaka paka alipopita nacho kikadondoka. Kumbe hakikuwa kimeshika kitu.

Tuje kwa jirani yako. Mwombe ruhusa, chukua sindano, chomeka kwenye hiyo kaktasi yake ndefu. Nina hakika karibu yote yatatoka maziwa meupe. Basi hiyo si kaktasi, ni ukoo wa mnyaa. Kaktasi, yaani dungusi, asili yake ni bara la Amerika, na miba yake hutoka kwenye vidoa vya manyoya kama vipande vya zulia. Minyaa ya kwetu haina hayo manyoya, ina utomvu. Barani Afrika kaktasi ya asili ni moja tu, nayo haina sura ya kaktasi: inaning'inia kwenye miti ya misitu, kama ya Usambara, kama nyuzi za kijani zenye vitunda vyeupe. Zilizobaki zote tumeletewa. Kwa hiyo jirani anajilinganisha na wewe wakati yeye anapanda mnyaa, ambao babu zetu walizungushia maboma kwa kuchomeka fimbo tu. Ila mwonye, na wewe mwenye watoto wadogo ndiyo kabisa: maziwa yale yakiingia jichoni ni hospitali. Asikate bila kinga ya mikono, na yakimrukia aoshe kwa maji mengi mara moja.

Sasa sendofu. Kaktasi nyekundu 30 kufikia mwezi wa tisa, sahau. Ungehitaji mashina 30 ya mdragoni na vichwa 30, na wewe una kichwa kimoja mgonjwa. Na hata ungevipata nisingekushauri. Kichwa kile ni mzigo kwa anayekibeba, wengi hawadumu zaidi ya miaka michache, na mgeni asiyejua atakilaumu kwako.

Lakini una mtaji ambao hukuuona. Minara 22 na watoto 9 ni 31. Ukiniuliza mimi, kati ya hao tegemea 25, kwa sababu ni mara yako ya kwanza na kuna watakaooza. Nunua ngome nyingine moja yenye minara mingi uzibe pengo. Mwezi wa tano tukiwa tunaumaliza na mvua zikikatika, huu ndio wakati wenyewe: kipupwe ni kikavu, na joto letu la kipupwe kwa kaktasi bado ni joto.

Wale tisa wa duara ni rahisi. Wazungushe kwa koleo au kwa lile gazeti, watakatika kwenye kishingo. Wale walio chini kabisa huenda wana vimizizi tayari. Hao wape siku tatu nne wapandwe. Minara ikate kwa wembe pale inapobana, kila mmoja urefu wa kidole cha kati au pungufu kidogo, iache wiki nzima juu ya kabati. Usiimalize yote. Bakiza mitatu minne kwenye shina mama, litachipua tena.

Udongo mweusi wako uweke pembeni kwa ajili ya mchicha. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, chukua ndoo ya mchanga wa mto. Mafundi wanachekecha wachukue laini watupe chenga; wewe fanya kinyume, chekecha kwa wavu wa dirisha, tupa laini, baki na chenga. Usiende kuchota ufukweni. Mchanga wa bahari una chumvi, na kuuosha mara mbili tatu kwa ndoo hakutoshi. Vikombe viwili vya chenga hizo, kimoja cha udongo mweusi, kimoja cha chenga za mkaa zile zinazobaki chini ya gunia, au vigae vya chungu kilichovunjika ulivyovipondaponda. Samadi hapana kwa sasa. Mmea usio na mizizi hauna mdomo wa kulia.

Vikopo vya mtindi vinafaa, ila nina wasiwasi vyako havikuwa na matundu, hukuyataja. Pasha msumari, toboa manne chini. Panda kwa kina cha kucha tu, kama unaona mnara unalala uegemeze kijiwe. Halafu sehemu ngumu kuliko zote kwa mtu kama wewe: usimwagilie. Wiki mbili. Kisha nyunyiza kidogo, siku kumi nyingine, kidogo tena. Baada ya wiki tatu mpaka sita uvute taratibu kwa gazeti. Ukikataa kuja, umeshika. Kuanzia hapo ndipo umwagilie kwa kushiba mpaka maji yatoke chini, na usirudie mpaka kijiti cha mshikaki ukikichomeka hadi chini kitoke kikavu kabisa, halafu subiri siku tatu nyingine. Kwetu hapa udongo haukauki kama wanavyosema watu wa Dodoma. Hewa yenyewe imelowa.

Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha ukungu mweupe juu ya udongo na kuunguza mizizi michanga. Una vikopo 30, kila kimoja kinakunywa robo kikombe kwa wiki mbili. Hiyo si hata ndoo. Kinga maji ya mvua zinazomalizikia, au omba ofisini maji yanayodondoka kwenye eisii, hayana chumvi.

Kuhusu baraza lako hukusema linatazama wapi. Kuanzia sasa hadi mwezi wa tisa jua liko upande wa kaskazini. Likitazama huko, umepata, ila vikopo vipya vikae nyuma ya pazia jepesi mpaka vishike, halafu uvisogeze mbele kidogo kidogo kwa wiki mbili. Likitazama kusini jua hutaliona mpaka mwezi wa kumi, na minara itarefuka, itakonda, itapauka ikitafuta mwanga. Omba nafasi darini kwa mwenye nyumba. Yule mwekundu akipona, mwache kwenye mwanga bila jua la moja kwa moja. Hana ukijani wa kumkinga, saa sita ya Dar inamwivisha.

Ukiona pamba nyeupe kwenye makwapa ya minara, na sisimizi wanapanda na kushuka kwa juhudi, ni vidung'ata. Kijiti cha masikio, spiriti, mguse mmoja mmoja. Usisubiri kesho, maana sisimizi watawahamishia kwenye kopo la jirani.

Kuna mtu kwenye kamati atakushauri ukanunue zile bapa kama masikio ya sungura zenye vidoti vya dhahabu, ni nzuri na ni rahisi kuotesha. Kataa. Vile vidoti ni mamia ya vimiba kama vumbi, vinatoka kwa kugusa tu. Wazia shangazi 30 waliovaa vitenge vipya wanavyojikuna kuanzia keki mpaka shampeni. Na ukiwa nayo nyumbani usitupe vipande kwenye kiwanja kitupu, kila kipande kinaota. Wafugaji wa Laikipia kule Kenya wanajua gharama ya mdungusi uliotoroka.

Kwa kamati, subiri mwisho wa mwezi wa saba. Hapo utajua umeshika vingapi, na uende na idadi mkononi: "Nyekundu hazitawezekana, ila nina za kijani kadhaa, zilizobaki nahitaji meza hizi ziwekewe maua mengine." Mweka hazina atarudisha fungu dogo kuliko lile alilofuta, hatakuwa na la kusema. Wekundu unautaka bado? Funga vikopo kwa kitenge cha sare ya sendofu. Lakini kitenge kiishie ukingoni mwa chini, usifunike matundu, na kwenye kila kikopo andika kikaratasi: "Toa kitambaa ukifika nyumbani. Maji mara moja kwa wiki mbili." Usipoandika, kesho yake asubuhi watamwagilia wote 30.